ULIZA MCHORAJI: Ngozi yetu siyo kijivu, na maswali mengine ya kuchora sura kwa tableti

Mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote zinahusu jambo moja, kuchora sura za watu kidijitali, yani unachomeka tableti ya kuchorea kwenye laptopu, unashika kalamu, unapaka rangi kwenye skrini. Zimetoka Uyole, Mwanjelwa, Kihesa, Tukuyu, Njombe, Makambako. Mi nimefurahi sana maana zamani swali lilikuwa ni tableti inauzwa wapi tu, sasa hivi watu wanauliza kuhusu mwanga na ngozi, na hapo ndo kuchora kwenyewe kunaanzia. Barua nimezifupisha, majina nimetoa. Twende.

Kaka habari za kazi. Mi ni mwanafunzi wa chuo hapa Uyole, nimejibana mpaka nimenunua tableti ya kuchorea, ile ndogo isiyo na skrini. Shida mkono uko chini macho yako juu kwenye laptopu, mistari inatetemeka, afu nikichora duara linatoka limebonyea. Nimeuziwa mbovu? Au nitafute ya skrini?

Mdogo wangu tulia, haujauziwa mbovu.

Duara kubonyea siyo kosa la mkono wako wala la tableti, ni mipangilio. Laptopu nyingi skrini yake ni uwiano wa 16 kwa 9, na eneo la kuchorea la tableti ndogo mara nyingi lina uwiano mwingine kabisa, sasa ukiiacha ilivyotoka kwenye boksi kompyuta inavuta upande mmoja ili vilingane, ndo maana duara linalala. Fungua ile programu ya draiva ya tableti, yani inayoifanya kompyuta iielewe tableti, ingia sehemu ya eneo la kazi, chagua ilingane na uwiano wa skrini. Utapoteza kaukanda kembamba pembeni ambako kalamu haitasoma, lakini duara litakuwa duara. Na ukiwa humohumo hakikisha draiva umeichukua kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza hiyo tableti, na kama hiyo laptopu ulinunua mtumba na mwenyewe wa kwanza alikuwa na tableti ya aina nyingine, futa kwanza ile draiva ya zamani. Draiva mbili zinagombana, na dalili yake ni kwamba kalamu inatembea vizuri ila mgandamizo hausomi, ukigusa kidogo ukikandamiza sana mstari ni uleule. Kwenye Windows kuna pia sehemu ya kuwasha na kuzima Windows Ink, ile huduma ya kalamu ya Windows, ndani ya draiva, ukiona mgandamizo umepotea ijaribu hiyo kabla hujaenda kwa fundi.

Mistari kutetemeka, hapo sasa ni mkono, na dawa yake ni kuchorea bega badala ya kiwiko na vidole. Weka tableti katikati mbele ya kifua chako, imenyooka na skrini, siyo umeisogeza kulia kama unavyoweka mausi, maana ikikaa mshazari kidogo tu kila mstari unaodhani umenyooka utapanda au utashuka. Kibodi ihamishie kushoto kwa ajili ya shortikati. Afu kabla ya kuanza kazi yoyote chukua robo saa weka nukta mbili unganisha kwa mstari mmoja, nukta mbili unganisha, jaza ukurasa, kisha duara juu ya duara. Inachosha, najua, lakini baada ya wiki chache za kufanya kila siku utashangaa umeacha kabisa kufikiria mkono uko wapi. Kwenye Krita, ile programu ya kuchorea, kuna sehemu ya kulainisha mstari kwenye mipangilio ya zana ya brashi (Tool Options), itumie ila kidogo, ukiiweka kubwa mstari unakuja kwa kuchelewa na unatoka hauna uhai.

Ya skrini usihangaike nayo. Na mtu asikutishe kwamba ya kwako inasoma ngazi 2048 za mgandamizo wakati ya fulani inasoma 8192, kwenye kupaka sura huwezi kuona hiyo tofauti.

Kamwene kaka! Mi nipo Kihesa, Iringa. Nachora marafiki zangu, picha inatoka kali, kope moja moja, nywele moja moja, watu wananipa hongera lakini swali la pili ni "huyu nani?" Nakosea wapi?

Kamwene! Dada yangu, kwa jinsi ulivyoeleza mi naona umeanzia mwisho. Kope na nywele ni vya mwisho kabisa. Mtu tunamtambua kwa mbali, akiwa bado anashuka pale stendi, kope zake huzioni, pengine hata macho huyaoni, lakini unajua ni yeye. Unamjua kwa umbo la kichwa, shingo imekaaje, kivuli cha macho kimelala wapi. Hivyo ndo vya kwanza kuchora.

Kwahiyo fanya hivi. Chukua brashi kubwa, rangi mbili tu, moja ya mwangani moja ya kivulini. Kodoa macho halafu yafinye nusu, uangalie picha ya rafiki yako mpaka vitu vidogo vipotee vibaki vipande vikubwa vya giza na mwanga. Hivyo vipande vichore kama unachora ramani ya wilaya, ukiangalia kona zake na mipaka yake, bila kujiambia "hii ni pua" "huu ni mdomo". Ukijiambia ni pua mkono unachora pua unayoijua kichwani, na pua ya kichwani kwako siyo ya rafiki yako. Katika hatua hii picha ikiwa ndogo ukubwa wa stempu inatakiwa iwe tayari inamfanana. Kama haimfanani hapo, hakuna kope itakayoiokoa.

Vipimo unavijua nadhani, macho yapo katikati ya kichwa kutoka utosini mpaka kidevuni (wengi wanayapandisha juu sana), upana wa uso kwenye usawa wa macho ni kama macho matano, chini ya pua ni katikati kati ya nyusi na kidevu, masikio yanaanzia usawa wa nyusi yanaishia chini ya pua. Sasa kitu ambacho hawakisemi sana ni kwamba hivyo ni vya wastani, na hakuna rafiki yako hata mmoja ambaye ni wastani. Sura ya mtu iko pale anapoachana na hivyo vipimo. Paji lake refu kuliko kawaida? Macho yameachana? Mdomo wa juu umejaa kuliko wa chini? Kabla hujachora andika pembeni vitu vitatu anavyoachana na wastani, na hivyo vitatu usivibembeleze, vichore kwa ujasiri. Wengi tunavipunguza kwa kumwonea mtu huruma, tunampunguzia pua, tunamnyoosha taya, anatoka mzuri ila siyo yeye. Mi naona hiyo siyo heshima kwa mtu. Heshima ni kumchora alivyo.

Afu uliza picha imepigwaje. Selfi ya mkono ulionyooka inakuza pua na kuyarudisha masikio nyuma, kwa sababu simu iko karibu mno na uso. Mwambie rafiki yako asimame, we rudi nyuma hatua mbili tatu, kuza kwa zumu kidogo, ndo upige. Na wakati unachora geuza picha kushoto kulia kila mara, kwenye Krita unabonyeza herufi M tu. Jicho lililopanda na kidevu kilichokwenda upande utaviona papohapo.

Jambo lingine, we uko Iringa, na Kalenga siyo mbali na hapo. Kwenye makumbusho pale lipo fuvu la Chifu Mkwawa aliyefariki 1898, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Nenda na daftari na penseli, waulize wahudumu kama wanaruhusu kuchora, na kama hawaruhusu kaa uangalie tu kwa utulivu na kwa adabu, pale ni mahali pa historia ya watu. Angalia mfupa wa nyusi unavyotokeza, shimo la jicho lilivyo kubwa kuliko jicho lenyewe, mfupa wa shavu unavyozunguka kwenda sikioni. Kila kivuli unachokiona usoni kwa rafiki yako kinaanzia kwenye mifupa hiyo. Mtu akishaelewa hilo anaacha kupaka vivuli kwa kubahatisha.

Kaka mi nafuatilia mafunzo ya video kila siku bando linaisha, nafanya kama wanavyosema lakini ngozi za watu wetu zinanitokea kijivu, au zinakuwa nyeusi tii kama mtu amepakwa masizi. Nikichora Mzungu inatoka vizuri. Nisaidie, niko Mwanjelwa.

Hii barua ndo imenifanya nijaze safu yote na mambo ya kuchora sura. Dada, we una macho mazuri, tatizo ni kwamba video nyingi unazoangalia zinafundisha ngozi nyeupe na hazikwambii kwamba ni ngozi nyeupe tu. Wanakwambia "rangi ya ngozi ni hii", unachukua, afu ili iwe ya mtu wetu unaongeza nyeusi. Hapo ndo ukijivu unapoingia. Nyeusi ukiichanganya na rangi ya ngozi inaua wekundu wote na unjano wote, kinachobaki ni vumbi.

Anza upya hivi. Fungua duara la rangi kwenye programu yako. Kahawia ya ngozi yetu iko pale kwenye machungwa, kati ya nyekundu na njano, imeteremshwa tu kuwa ya giza. Yani ngozi yetu ni machungwa yenye giza, siyo nyeusi iliyochanganywa. Chagua hapo, shusha mwangaza, na utashangaa kwamba tayari inaonekana ni ya mtu. Sasa ukitaka kivuli usishuke moja kwa moja kwenda nyeusi, shuka huku unasogea kidogo upande wa nyekundu na rangi iwe imekolea. Angalia pale kivuli kinapokutana na mwanga kwenye shavu la mtu mweusi, ule mpaka wenyewe, ndo sehemu iliyokolea kuliko zote usoni. Ukiipata hiyo, uso mzima unapata damu.

Halafu mng'ao. Kwa mtu mweupe mng'ao hauonekani sana kwa sababu ngozi yenyewe ni nyepesi. Kwetu mng'ao ndo unaojenga uso, pajini, juu ya pua, kwenye mfupa wa shavu, mdomo wa chini. Wengi wanaupaka kwa nyeupe kavu au kwa kahawia nyepesi, vyote vinakosea. Mng'ao ni taa au anga linajitazama kwenye ngozi, kwahiyo unabeba rangi ya kile kinachomulika. Mtu akiwa nje chini ya anga la bluu mng'ao wake unaelekea bluu, akiwa chini ya balbu ya njano unaelekea njano. Paka mng'ao wa ubluu uliofifia kwenye ngozi ya kahawia iliyokolea, afu rudi nyuma uangalie. Kijivu kitakuwa kimeondoka ingawa hiyo rangi ukiitazama peke yake kwenye duara ni karibu na kijivu. Rangi inasomwa kwa jirani yake, haisomwi peke yake.

Na chini ya kidevu, chini ya taya, pale pana mwanga unaorudi kutoka chini. Huku kwetu mtu akisimama kwenye udongo mwekundu jua likiwa kali, wekundu wa ardhi unarudi usoni, unaupata chini ya taya na chini ya pua. Akiwa amevaa kitenge cha njano utauona unjano shingoni. Mi nakuomba hiyo usiiruke, ndo inayomweka mtu mahali, ndo inasema huyu alikuwa Mbeya siyo studio ya mtu mwingine.

Masizi nayo yanatokana na karatasi nyeupe. Ukianza kwenye turubai jeupe kila kahawia inaonekana nyeusi kwa sababu inashindana na weupe wa pembeni, unaogopa unaongeza mwanga, mwisho rangi zote zinachafuka. Jaza turubai kwanza na rangi ya kati, kijani kilichofifia au kahawia ya kawaida, ndo uanze uso. Simu pia inafanya hivyohivyo, ukimpiga mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe kamera inapunguza mwanga wa picha nzima kwa ajili ya ukuta na uso unazama, kwahiyo gusa uso kwenye skrini kabla hujapiga ili kamera ipime uso, na kama unaweza mtoe hapo kwenye ukuta.

Mwanga wa kupigia, we uko sehemu nzuri sana. Asubuhi ya mawingu, ile ambayo mlima Loleza hauonekani vizuri, ndo mwanga laini kabisa, vivuli vinatelemka taratibu. Kwa mtu anayejifunza lakini mi napendelea mlango. Mkalishe mtu ndani karibu na mlango ulio wazi, mwanga umpige upande mmoja, upande wa pili uwe giza. Vipande viwili vikubwa, ndo vilevile nilivyomwambia dada wa Kihesa. Jua la saa saba mchana liache, linaweka vivuli vyeusi kwenye macho.

Ushauri wa mwisho kwako na huu naomba uufanye kweli: kwa mwezi mmoja acha video. Kaa na watu wako, mama, wadogo zako, jirani anayeuza viazi, chora kila mmoja kwa rangi zake. Utakuta ndani ya nyumba moja kuna mwekundu, kuna wa chokoleti, kuna ambaye kahawia yake inaelekea zambarau kwenye kivuli. Neno "rangi ya ngozi" kama rangi moja litakutoka lenyewe. Na usichukue rangi kwa ile batani ya kunyonya kutoka kwenye picha, jaribu kuikisia kwanza kwa jicho, ndo unyonye uone umekosea kiasi gani. Kwenye Krita unashika Ctrl unagusa. Ukinyonya tu kila rangi, jicho halijifunzi.

Mimi ni mama, niko Makambako. Kijana wangu yuko kidato cha nne, muda wote anachora kwenye simu kwa kidole. Anataka nimnunulie laptopu na hiyo tableti. Hii ni kazi kweli au ni mchezo?

Shikamoo mama. Ni kazi, na kijana anayechora kwa kidole kila siku bila mtu kumlazimisha ana kitu ndani yake. Ila laptopu na tableti kwa sasa mi ningesema asubiri amalize mtihani. Programu kama ibisPaint inafanya kazi kwenye simu hiyohiyo aliyonayo na inatosha kabisa kujifunzia leya (yani matabaka ya mchoro yanayolala moja juu ya jingine), mwanga na rangi. Mnunulie daftari zuri la kuchorea na penseli za 2B na 4B, mwambie akuchore we mama unaposhona au unapopika, achore kwa macho siyo kwa kuangalia picha. Akimaliza, Krita ni ya bure kabisa kwenye kompyuta na halali, hakuna haja ya kutafuta programu za wizi zenye virusi. Baadhi ya tableti zinachomekwa hata kwenye simu ya Android kwa waya wa OTG, muangalie kama boksi limeandikwa Android kabla ya kulipa.

Kazi zenyewe ni sura za maharusi, za kipaimara, kumbukumbu za marehemu, vielelezo vya vitabu vya watoto. Na kama atataka kusoma hasa, TaSUBa, ile taasisi ya sanaa na utamaduni kule Bagamoyo, wanafundisha sanaa, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pia. Mama kukaa chini kuandika swali hili badala ya kumnyang'anya simu, kijana ana bahati.

Salaam kutoka Njombe. Babu yetu alifariki, picha pekee tuliyonayo ni ndogo ya kitambulisho, imefifia na ina mhuri juu ya shavu. Familia inataka nimchore kubwa. Nimepitisha kwenye programu ya AI ikatoka safi sana lakini bibi kaiangalia kasema siyo mume wake.

Poleni sana na msiba. Na bibi yuko sahihi, msikilizeni. Zile programu zikikuta picha haina taarifa za kutosha zinajaza zenyewe kwa kubuni, zinaweka macho na mikunjo ya watu wengine ambao zimewahi kuwaona. Inatoka safi kwa sababu ni sura iliyobuniwa. Kwa picha ya kuweka ukutani ya mtu aliyezikwa mi siwezi kukushauri uitumie hata kama msingi tu, maana ukishaiona jicho lako nalo linadanganyika.

Rudi kwenye kitambulisho. Usikipige kwa flashi, kiweke dirishani kwenye kivuli, simu iwe sambamba nacho kabisa, piga nyingi. Kama kuna skana steshenari, skani kwa dpi 1200 (dpi ni nukta kwa kila inchi), itakuwa nzuri zaidi. Ingiza, na usikimbilie kusafisha. Punguza ukubwa wake mpaka ionekane vizuri kwa udogo, kwa udogo huohuo chora vipande vikubwa, kwa sababu hapo ndo taarifa ya kweli ilipo. Picha iliyofifia bado ina umbo la kichwa, ina umbali kati ya macho, ina kivuli cha pua. Hivyo ni vya babu kweli. Vitu vidogo ndo vimepotea, na hivyo utavipata kwa watu.

Nenda na kazi kwa bibi. Kaa naye. Muulize ngozi yake ilikuwaje, alikuwa mwekundu au mweusi, nywele zilianza kuota mvi wapi, mikunjo ilikuwa pajini au pembeni ya macho, alikuwa anafunga mdomo vipi akinyamaza. Halafu tafuta ni nani katika watoto wake amechukua macho, nani amechukua mdomo, kila familia wanajua. Mpige picha huyo mtoto wake kwenye mwanga uleule wa kitambulisho, mara nyingi ni mwanga wa mbele moja kwa moja, uone ngozi ya ile familia inavyokunjika akizeeka. Sehemu ya mhuri ijaze kwa kuangalia shavu la pili, lakini usinakili na kugeuza, hakuna uso wenye pande mbili sawa.

Weka kila hatua kwenye leya yake, mchoro wa kwanza, vivuli, rangi, ili bibi akisema "hapana, hapa alikuwa mwembamba" urekebishe bila kubomoa kilichokaa sawa. Anza na kijivu tupu mpaka bibi aseme ni yeye, ndo uweke rangi juu kwa leya yenye modi ya Color, inayoongeza rangi tu bila kugusa giza na mwanga wa chini yake, ila ukishaweka rangi upake tena juu kwa brashi ya kawaida, maana rangi iliyolazwa juu ya kijivu ikiachwa hivyo inarudisha ileile ngozi ya vumbi niliyomweleza dada wa Mwanjelwa. Pale bibi akisitasita usibishane naye kwa vipimo. Yeye ndo picha kubwa iliyobaki.

Kaka nimeprinti kazi yangu A3 hapa Mafiat, kwenye laptopu inawaka, kwenye karatasi imekuwa giza na imechoka, afu kingo zina vichanga. Printa mbovu?

Inawezekana ila sidhani. Skrini inatoa mwanga wake, karatasi inasubiri mwanga wa chumba, kwahiyo printi siku zote itakuwa na giza kuliko ulivyoona, na kwa ngozi zetu inauma zaidi kwa sababu zile kahawia za kivulini zinaungana zote zinakuwa doa moja. Shusha mwangaza wa skrini hadi kama nusu wakati unachora. Kabla ya kuprinti tengeneza kopi, nyanyua rangi za kati kwa Levels au Curves, zile zana za kurekebisha mwangaza, zile za giza kabisa ziache, kisha waombe wakuprintie kipande tu cha uso kwenye karatasi ileile kabla ya kutoa nzima. Ukitoka nje ukaitazama kwenye mwanga wa mchana utajua.

Vichanga ni pikseli, vile vidoti vidogo vinavyounda picha. A3 kwa dpi 300 ni 3508 kwa 4961. Kama ulichora kwa upana wa 1080 kwa ajili ya Instagram, kwenye A3 inabaki kama dpi 92, lazima ichanike. Anza kazi na ukubwa wa karatasi unayoitaka, na kama laptopu ina RAM ya 4GB inakwama, chora kwenye A4 ya 2480 kwa 3508 na upunguze leya. Kingine, ukimtumia mwenye printa kwa WhatsApp tuma kama dokumenti, ukituma kama picha inabanwa. Sevu PNG ya kuprinti, na faili la kazi lenye leya zote baki nalo. Msimu huu wa mvua umeme unakatika ovyo, Ctrl+S iwe kwenye kidole, na Krita ukibonyeza Ctrl+Alt+S inasevu toleo jipya pembeni bila kufuta la nyuma.

Niko Tukuyu. Mteja kanitumia picha aliyopigwa na mpiga picha wa harusi, anataka niichore nimuuzie. Kuna tatizo? Na mi kazi yangu nailindaje? Ndaga fijo.

Ndaga kwa kuuliza, wengi hawaulizi. Sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inalinda picha za kamera na michoro pia, kwahiyo ile picha ina mwenyewe hata kama sura ni ya mteja wako. Mpigie simu mpiga picha au mwambie mteja ampigie, muombe ruhusa, mara nyingi atakubali ukimwandika jina lake pembeni unapoiposti. Kama hapatikani mwite mteja umpige mwenyewe, utapata mwanga unaoutaka na hiyo ni bora mara mia kwa mchoro.

Ya kwako inalindwa tangu unapoichora, lakini ushahidi ni wako kuutunza: faili lenye leya, matoleo ya njiani, meseji za makubaliano. COSOTA, ile Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, wanapokea kazi za wasanii wanaotaka kusajili. Na mteja mpya akulipe nusu kabla hujapaka rangi, umwoneshe mchoro wa kijivu kwanza akubali kwamba ni yeye, ndo uendelee.